Kwenye Slipu Sina Mtoto

Jumatatu, 25 Novemba

Trei za mayai arobaini, mayai mawili yamevunjika. Mchele viroba kumi na viwili. Vitunguu nimevikataa, vimeota. Dereva wa mzabuni kanuna. Anune. Stoo ya jikoni kwenye kambi hii ya mgodi ni yangu, nikipokea uozo nitaulizwa mimi, si yeye.

Mchana kaka Issa kanipigia toka Nachingwea. Kahamishwa. Sumbawanga. Shule zikifunguliwa Januari awe ameripoti huko. Nikamuuliza, na watoto? Akasema hilo ndilo alilonipigia.

Wanangu wako kwake. Zuhura darasa la tano, Swalehe la kwanza. Wako kwake toka baba yao alipokwenda kulima ufuta Narung'ombe na kuoa huko huko. Mimi nilikuwa sina kazi, kaka ni mwalimu, ana nyumba na ana bima. Hakuna aliyekaa kikao. Waliingia kwake na mabegi yao na mimi nikashukuru.

Sasa nina kazi, huu mwezi wa tatu. Kaka anasema nikipata nyumba hapa Ruangwa kabla ya mwaka mpya, atasaini uhamisho waje shule za huku. Nisipopata, anakwenda nao. Hawezi kuwaacha hewani. Kasema kwa upole. Bora angefoka, ningepata pa kumshikia.

Chumba ninacholala tuko wawili, mimi na Sikudhani wa usafi. Kitanda changu futi mbili na nusu. Watoto niwalaze wapi, juu ya bati?

Alhamisi, 28 Novemba

Mshahara umeingia. Mwezi huu nimefanya ovataimu ya laki moja, usiku, miguu imevimba. Nilishaipangia yote.

Imefika elfu sabini na mbili.

Nikaifungua slipu, mara ya kwanza kuisoma toka juu. Siku zote naangalia mstari wa mwisho tu, kama watu wote. Mfuko wa pensheni wamekata asilimia kumi. Hiyo sawa, nitazeeka. Kodi ya mshahara, PAYE. Mwezi uliopita elfu ishirini na nne. Mwezi huu elfu arobaini na mbili. Mimi nimefanya ovataimu na kodi nayo imefanya ovataimu. Yeye miguu haikuvimba.

Juu kabisa, chini ya jina langu: Wategemezi: 0.

Sifuri. Nimeitazama sana hiyo sifuri. Kazini wananiita Mama Zuhura toka siku ya kwanza.

Ijumaa, 29 Novemba

Mudi, dereva wa gari la wafanyakazi, anajua kila kitu. Aliwahi kufanya kazi mgodi mwingine, kanda ya ziwa, na wazungu. Kasema mambo mawili.

La kwanza: ovataimu ni mtego. Ukivuka mstari fulani wanakukata asilimia kubwa mshahara mzima, si ile nyongeza tu. Unafanya kazi zaidi unapata kidogo. Nikamwonyesha slipu. Akasema si unaona mwenyewe.

La pili: ile sifuri ndiyo inayoniua. Mtu analea peke yake, kodi yake hupungua. Nipeleke vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwa afisa utumishi. Sifuri itakuwa mbili, kodi itashuka, na za nyuma nitarudishiwa.

Nimepiga hesabu. Septemba, Oktoba, Novemba. Elfu tisini.

Mudi anaongea kama redio, hapumui. Nimemwamini. Nilitaka kumwamini.

Jumapili, 1 Desemba

Nimeipata nyumba. Kwa Bi Fatu, nyuma ya msikiti. Vyumba viwili, umeme, bomba uani, mlango wa chuma. Nikapima kwa hatua. Kitanda cha Zuhura ukutani, Swalehe dirishani apate hewa, anabanwa kifua mvua zikianza. Shule ya msingi wanakwenda kwa miguu, hata barabara kubwa hawavuki.

Bi Fatu anataka miezi sita kwa mpigo. Laki nne na ishirini. Atanishikia mpaka tarehe thelathini na moja. Kasema Januari walimu wapya wanakuja, hawezi kuniwekea nyumba kama kiporo.

Ninayo laki mbili na nusu. Mshahara wa Desemba ukitoa chakula na hela ya watoto utabaki laki. Pungufu elfu sabini. Kodi ikirudi elfu tisini, nimemaliza, na pazia nanunua.

Nimelala mchana. Sikuwa nimelala mchana tangu niajiriwe.

Jumatano, 4 Desemba

Mafundi wa kukarabati mitambo wanaingia kesho, wiki mbili, wanakula usiku. Mpishi mkuu, Bwana Chilemba, kaniita mimi wa kwanza. Ovataimu ya laki moja na nusu, na kashanipanga kwenye ratiba.

Nikakataa. Akashangaa. Nikamwambia nina mambo ya familia. Sikumwambia kwamba nimeshtuka, siku hizi siingizwi mjini na slipu.

Zamu wamempa Sikudhani. Nilimwonea huruma. Nikajaribu hata kumweleza habari ya mstari, akasema dada, mimi hesabu zilinishinda shule, nipe hela tu.

Jumapili, 8 Desemba

Nachingwea, kwa kaka. Nimekuja kuchukua vyeti.

Niandike taratibu.

Kaka alikuwa msikitini. Wifi Salima akatoa bahasha ya kaki kabatini, akanipa, akaenda jikoni haraka. Nikafungua mwenyewe. Zuhura Issa. Baba: jina la kaka. Hilo nilijua. Zuhura alipopasuliwa tumbo, kaka alimwandika kwenye bima yake kazini, na bima haitaki mpwa, inataka mtoto. Akakata cheti kwa jina lake. Swalehe naye akafuatia. Mimi niliridhia. Baba yao alikuwa hapokei simu, ningeandika jina la nani?

Jina la mama sikuwahi kulifikiria.

Mama: Salima. Vyeti vyote viwili.

Ni kweli, ingekuwaje? Bima inataka mke na watoto. Mtu akiwa na akili angejua siku ile ile. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya wodi nasubiri waniambie mtoto ameamka. Wangeandika jina la mbuzi nisingeuliza.

Kwetu Wamwera mtoto wa dada ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayesimama akiposwa, akiumwa, akioa. Kaka hakudanganya mtu moyoni mwake. Kumwandika mpwa wake kwake ilikuwa kama kumnunulia kandambili. Marehemu mama alimbariki kwa hilo, nakumbuka. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona kwamba karatasi haijui mila. Karatasi inajua ilichoandikwa.

Kaka aliporudi nikamwambia navipeleka kazini kwa ajili ya kodi. Akafikiri. Akasema chukua dada, ila usiongee sana. Namjua kaka, hapo alikuwa ameogopa.

Tukala. Ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, Salima anajua kupika na hana baya, nasema ukweli. Swalehe akasema, mama, chumvi. Tukanyoosha mikono wote wawili.

Alikuwa anamwambia yeye. Mimi ananiita mama wa Ruangwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu. Nimerudi. Jikoni Sikudhani yuko na mafundi, analipwa mara mbili leo. Mvua ya kwanza. Watu wanaanua korosho mbio mbio.

Zuhura alinisindikiza mpaka kwenye gari. Aliuliza tunahamia lini. Nikamwambia kodi tu ndiyo inanichelewesha. Akauliza kodi ya nyumba? Nikamwambia hapana, nyingine.

Ijumaa, 13 Desemba

Afisa utumishi ni binti mdogo, wa juzi toka chuo, kucha ndefu, ana adabu. Nikampa bahasha. Akasoma cha kwanza, akasoma cha pili, akarudi cha kwanza.

Hawa ni wa nani?

Nikasema wangu. Akanigeuzia karatasi, akaweka ukucha kwenye jina la Salima. Hakusema kwa ubaya. Akasema kama ni wangu niandike barua, niende mahakamani nikaape, na huyu aliyeandikwa kama baba ataitwa aeleze. Huyu ni mtumishi wa serikali, sivyo? Mwalimu? Basi na mwajiri wake atataka kujua, na watu wa bima pia.

Nilimwona kaka. Amesimama mbele ya meza kama hiyo na kofia yake mkononi. Miaka kumi na tisa ya kushika chaki. Kwa sababu alikataa mtoto wangu afe na tumbo.

Nikasema hapana. Nimekosea, si wanangu, ni watoto wa kaka yangu. Nilidhani wapwa nao wanahesabiwa.

Akasema aa, sawa, wapwa hawahesabiwi. Akanirudishia bahasha. Kuhusu kodi kuwa kubwa kasema yeye anaingiza mshahara, mashine inakata. Maelezo nikaulize ofisi ya kodi.

Sikuwa na kigugumizi hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha. Si wanangu. Lilitoka kama salamu.

Jumamosi, 14 Desemba

Sina la kuandika. Nimehesabu stoo mara tatu. Sukari imepungua kilo mbili, au mimi ndiye sijui kuhesabu.

Jumatano, 18 Desemba

Niliomba ruhusa, nikaenda ofisi ya kodi mwenyewe. Nilijiambia labda kuna njia isiyohitaji vyeti. Labda kuapa tu. Labda barua ya mtendaji wa kata. Mfa maji.

Nikamkuta mama wa makamo, miwani, kanga begani kwa baridi ya feni. Akanikaribisha kiti. Nikamweleza kwamba nalea peke yangu, watoto wawili, baba yao hatoi hata chumvi. Majina sikutaja. Nikauliza kodi inapungua kwa kiasi gani.

Haipungui.

Akaniambia polepole, kama mtu aliyekwisha kuwaambia wengi. Kodi ya mshahara hapa kwetu inamwangalia mfanyakazi na mshahara wake, basi. Uwe na watoto wanane, uwe huna hata mmoja, uwe na mume, uwe umeachwa, mkato ni ule ule. Nikamwambia kuna mtu kaniambia. Akasema wanakuja wengi walioambiwa na mtu. Vyeti vya watoto ni vya bima, si vya kodi. Watu wanavichanganya.

Kwa hiyo hata kama jina langu lingekuwa pale, lisingepunguza senti.

Kwa hiyo nimewakana bure.

Nilitaka kuondoka. Yeye ndiye aliyeniambia nitoe slipu. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema stoo. Akafurahi. Akasema basi hesabu visado. Mshahara wako ni mtama, unaupima kisado baada ya kisado. Kisado cha kwanza hakiguswi kabisa, ni chako. Cha pili wanachota kidogo. Cha tatu wanachota zaidi. Kila kisado kina mchoto wake, na ukifika cha tatu hawarudi kuchota kwenye cha kwanza. Kwenye ile laki yako ya ovataimu pensheni ilichukua elfu kumi, kodi elfu kumi na nane. Iliyobaki yako. Mshahara wako wa kawaida hawakuugusa zaidi.

Nikauliza, hata ningefanya ovataimu ya laki moja na nusu?

Akapiga kwenye kikokotoo. Ungepeleka nyumbani laki moja na elfu nane, akasema. Hakuna ovataimu inayomfanya mtu awe maskini zaidi, mama. Akacheka kidogo, cheko la kumtia mtu moyo.

Laki moja na elfu nane. Nilipungukiwa sabini.

Nimeelewa. Nashukuru nimeelewa. Mtu mjinga akielewa wakati soko limekwisha, kuelewa huko kunamsaidia nini? Kazi yangu ni kupima. Kuanzia asubuhi napima mchele wa watu, maharage ya watu, na sikuwahi kufikiria kupima wa kwangu. Nilimwachia Mudi.

Ijumaa, 20 Desemba

Mshahara umewahi kwa ajili ya Krismasi. Kodi elfu ishirini na nne. Wategemezi: 0.

Sikudhani kalipwa. Kaja chumbani anacheka peke yake. Mabati ya nyumba ya mama yake kule Mnero keshalipia. Akaniuliza ule mstari wangu uko wapi, maana yeye hakuuona. Hakuwa ananisimanga, ndivyo alivyo. Nikamwambia sikujua kitu. Nikageukia ukutani.

Nina hasira na Mudi, halafu sina. Yeye hakunishika mkono. Nina hasira na mimi. Jitu zima, kidato cha nne, leja naandika safi, na hesabu ya maisha yangu naifanya kwa maneno ya dereva.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimejaribu. Mchezo wetu wa kina mama, ule wa kupeana hela, zamu yangu ni mwezi wa tatu, na mwenye zamu ya sasa keshanunua pikipiki. Malipo ya mbele kazini hawatoi mpaka mtu amalize miezi sita. Bwana Chilemba nimemwomba ovataimu, mafundi wamekwishaondoka na kazi ya usiku hakuna tena, kanipa elfu kumi mkononi bila kuniangalia. Kaka sikumwomba. Ana mzigo wa kuhamisha mpaka Sumbawanga. Na nikimwomba atanipa, ndiyo shida yake, atanipa, halafu atakwama njiani na wanangu.

Jumanne, 31 Desemba

Nimekwenda kwa Bi Fatu na laki tatu na elfu sitini. Nilizihesabu mbele yake. Akanionea huruma kabisa, akaniletea hata chai. Lakini mwalimu mgeni yuko pale pale ukumbini na laki nne na ishirini imefungwa raba. Kijana wa watu, ana begi moja. Bi Fatu akasema mwanangu, na mimi nina wanaonitazama.

Sikubishana. Kila mtu ana wanaomtazama, ila wengine hawaandikwi.

Nikampigia kaka njiani. Nikasema nenda nao. Akasema ni kwa muda tu, dada. Nikasema ndiyo, kwa muda.

Jumamosi, 4 Januari

Nachingwea. Tumefunga mizigo. Salima kanunua masweta mekundu mawili, Sumbawanga kuna baridi. Mimi sikufikiria sweta. Nilileta korosho kilo mbili na elfu hamsini, hela nikampa Zuhura aziweke kwenye soksi.

Vyeti nilimrudishia kaka mkononi. Nikamwambia havikuhitajika. Hajui nilichosema kwa yule binti na hatajua. Alivisoma tena, akavirudisha kwenye bahasha kwa uangalifu sana. Nadhani alitaka kusema kitu. Nikamwahi, nikamuuliza kamba ya kufungia godoro iko wapi.

Zuhura aliniuliza ile kodi inakwisha lini. Nikamwambia haiishi, mama, ni ya kila mwezi. Akasema basi mama uizoee. Ana miaka kumi na moja.

Swalehe alilala kabla gari halijaondoka. Sikumwamsha. Angelia, na angemlilia nani, sikutaka kujua.

Jumanne, 7 Januari

Wamefika. Salima kanipigia. Wazima.

Nimelia stoo, nyuma ya viroba vya sembe, kwa kuwa pale sauti haitoki. Halafu nikapokea mafuta ya kula, madumu kumi na manne.

Jumatatu, 20 Januari

Mudi ana habari mpya. Kuna watu wanarudishiwa pensheni yote wakiacha kazi na kusaini fomu fulani. Nikamuuliza fomu ipi. Hajui jina. Nikamchorea visado vitatu kwenye boksi la nyanya, nikamweleza habari ya ovataimu toka mwanzo. Akasema kumbe. Mwaka mzima uliopita na yeye alikuwa anazikataa.

Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Jumanne, 28 Januari

Mshahara. Nimeisoma slipu toka juu mpaka chini na hakuna mstari nisioujua. Kisado cha kwanza changu. Cha pili kidogo. Cha tatu kipande tu, elfu ishirini na nne jumla. Hakuna aliyeniibia.

Yule binti wa utumishi kagawa fomu. Kila Januari mfanyakazi anajaza taarifa zake upya. Jina. Kijiji: Mtua. Aliyeolewa, asiyeolewa, aliyeachwa. Halafu majina ya watoto, wamechora mistari mitano.

Kalamu niliishika muda mrefu. Nikaandika: Hakuna. Mwandiko wangu ni mzuri, shuleni walikuwa wanausifia. Nikaweka sahihi na tarehe.

Zuhura alipiga jana. Darasa lao lina watoto themanini na amekuwa wa kwanza kujibu swali. Sweta linamtosha.

Mudi akachungulia dirishani. Mama Zuhura, gari la mayai limefika. Nikachukua leja, nikatoka kuhesabu.